Njiwa wa Masafa Marefu ni Kazi ya Nyumba Nzima

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Mmeniomba nieleze imekuwaje nyumba moja ikashika nafasi za mbele katika mbio za njiwa za masafa marefu, ambamo njiwa husafirishwa mbali na kuachiwa waruke kurudi mabandani mwao, kwa vizazi vitatu, ilhali mabanda mengi yenye njiwa wa bei kubwa kuliko wetu huvuma msimu mmoja au miwili kisha yakanyamaza. Nasimama hapa kwa niaba ya marehemu babu aliyeanza, ya wazazi wangu, na ya ndugu zangu ambao bado wanaingia bandani kila alfajiri. Jambo ninaloliamini nitalitaja mapema ili mlipime ninapoendelea: masafa marefu hayatoshelezwi na mfugaji mmoja hodari, kwa sababu swali analouliza mfugaji leo anapooanisha dume na jike hujibiwa baada ya miaka minne au mitano, na ni wachache mno wanaoweza kulingojea jibu hilo peke yao bila kukata tamaa au kuingiwa na pupa.

Tazameni muda wenyewe. Kinda huvishwa pete mguuni akiwa na umri wa takriban wiki moja, kabla vidole havijanenepa kiasi cha kuizuia pete kupita, na pete hiyo yenye mwaka na namba haivuliwi tena maisha yake yote. Akifikisha wiki nne hivi hutenganishwa na wazazi wake. Msimu wa kwanza hujifunza paa la banda lake, anga iliyo juu yake na njia fupi za kurudia nyumbani. Msimu wa pili hupelekwa mbio za kati, na mfugaji mwenye busara hamdai ushindi bado. Ni katika mwaka wake wa tatu, mwili ukiwa umekomaa na mifupa imekaza, ndipo anapopakiwa kwenda kilomita 700, 900 au zaidi. Sasa fikirini: siku njiwa huyo anaporudi kwa kishindo na kututhibitishia kwamba ni wa masafa, wazazi wake wana umri gani? Wengi wameshauzwa, wameshagawiwa, au wameshaondolewa kwa kudhaniwa kuwa hawana faida. Hapo ndipo mabanda mengi yanapopoteza mbegu yao, nayo haiwezi kurejeshwa kwa fedha.

Katika mbio fupi hali ni nyingine, na siwadharau wanaozipenda. Njiwa wa mwaka mmoja anaweza kushinda kilomita 200 kwa kasi na afya tu, na mfugaji wake akajua kabla ya msimu kwisha kwamba amebahatika. Lakini wanaoshiriki mbio za kimataifa za Barcelona, ambazo kwa wafugaji wa Ubelgiji na Uholanzi ndizo kilele cha mchezo huu, wanajua kwamba njiwa huachiwa kwa maelfu mwezi Julai, kwamba kutoka hapo hadi banda lililoko Ubelgiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba wengi wao hulazimika kulala njiani na kuanza safari upya alfajiri. Njiwa wa namna hiyo lazima awe na mambo ambayo hayapimwi kwa kasi: kichwa kinachotulia anapopotezwa na kundi, moyo wa kuondoka mapema kesho yake akiwa na njaa na kiu, na mwili unaotumia akiba yake kidogo kidogo. Sifa hizo hazionekani bandani. Umbali peke yake ndio unaozifichua, na hufanya hivyo kwa wakati wake.

Kwa hiyo nikiulizwa chombo cha thamani kuliko vyote katika banda letu, sitataja njiwa yeyote wala saa ya kielektroniki. Nitataja madaftari ya mama. Babu alikuwa na jicho na alikuwa na mkono. Aliweza kumshika njiwa, akafungua bawa, akapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari na kukwambia mengi ya kweli. Hata hivyo aliyabeba yote kichwani. Mama alipoolewa katika nyumba hii akaanza kuyaandika. Kila njiwa alipewa ukurasa wake: namba ya pete, baba, mama, siku ya kuanguliwa, na chini yake kila safari aliyokwenda. Hakuandika nafasi aliyoshika tu. Aliandika upepo ulivuma kutoka wapi, kama kulikuwa na mvua njiani, njiwa alirudi saa ngapi, alikuwa mwepesi kiasi gani mkononi, na kesho yake alikula au alijikunyata pembeni. Safu ile ya mwisho, ya kesho yake, wageni wengi waliona ni kujisumbua bure. Kwangu mimi ndiyo inayotenganisha njiwa aliyerudi kwa uwezo na njiwa aliyerudi kwa kujimaliza, na hao wawili hawafai kuzalishwa kwa namna moja.

Nitatoa mfano mmoja. Alikuwepo jike wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi bawani, mdogo wa umbo, asiyevutia macho. Katika maisha yake yote ya mbio hakuwahi kuwa wa kwanza. Wafugaji waliotutembelea walimpita bila kumtazama mara mbili, na zaidi ya mmoja alitushauri tumwondoe ili nafasi yake ya kiota ipewe jike wa ukoo mashuhuri. Mama alifungua daftari na kuonyesha jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho: kila ziliposhuka siku ngumu, upepo wa mbele na joto, siku ambazo mabanda yalipata robo tu ya njiwa wao kabla ya giza, watoto wa jike yule walikuwa wamerudi, wakiwa wa dume huyu au wa yule. Siku nyepesi hawakutajwa. Siku ngumu walikuwa nyumbani. Alibaki, akazaa mpaka uzee, na leo karibu kila njiwa wetu aliyepata kushinda zaidi ya kilomita 800 ana damu yake upande wa baba, upande wa mama, au pande zote mbili. Tungekuwa tunahukumu kwa vikombe, angeondoka akiwa na miaka miwili.

Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kwanza ya uzalishaji: njiwa wa kuzaa hupimwa kwa watoto wake, na watoto hupimwa siku mbaya. Kanuni ya pili inahusu kuzalisha ndani ya ukoo, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye ubishi mwingi baina yetu. Kumwoanisha dume na mjukuu wake, au ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, hukusanya sifa za jike kama yule katika vifaranga wachache na kuzifanya zirithiwe kwa uhakika zaidi. Lakini kwa kazi ileile hukusanya pia kasoro zilizokuwa zimejificha, na kasoro hizo huanza kujionyesha kimyakimya: mayai yasiyoangua, makinda wanaochelewa kuota manyoya, njiwa wanaougua kila msimu unapobadilika. Dalili hizo zinapojitokeza kurasa mbili tatu mfululizo, kwetu huwa ni amri ya kuleta damu ya nje. Na damu hiyo hatuichukui popote penye sifa. Tunaitafuta katika banda lingine ambalo nalo limepimwa kwa umbali uleule kwa miaka, kisha machotara wake nao wanasubiriwa hadi mwaka wa tatu kabla ya kuaminiwa. Anayeharakisha hatua hiyo huwa ametupa kazi ya miaka kumi kwa furaha ya msimu mmoja.

Sisi si wa kwanza kufika hapo. Wafugaji wote wa njiwa wanalijua jina la ndugu wa Janssen wa Arendonk, Ubelgiji, ambao walipokea njiwa kutoka kwa baba yao Henri na kuwatunza pamoja hadi uzeeni. Mbio zao wenyewe zilikuwa za masafa mafupi na ya kati, lakini uthabiti wa ukoo waliouhifadhi uliufanya uchanganywe katika mabanda ya dunia nzima. Kinachonivutia kwao ni kwamba ndugu kadhaa, kila mmoja na maoni yake, walikubaliana kutolitawanya kundi. Ugomvi wa urithi umeua koo nyingi za njiwa kuliko mwewe na kipanga.

Sasa nije kwenye kazi ya kaka yangu, ambaye ndiye anayewaandaa njiwa kwa mbio. Wapo wafugaji wanaotenganisha dume na jike kwa wiki nzima na kuwakutanisha muda mfupi kabla ya safari, ili hamu ya mwenza imrudishe njiwa mbio. Njia hiyo ina nguvu yake, hasa kwa masafa mafupi. Sisi kwa safari ndefu tumebaki na kiota. Njiwa hutaga mayai mawili, na dume na jike huyaatamia kwa zamu: dume hukaa kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, jike hushika muda uliobaki pamoja na usiku wote. Baada ya siku 17 au 18 mayai huanguliwa, na wakati huo wazazi wote wawili huwa wameanza kutengeneza maziwa ya gole, uji mzito wenye protini na mafuta unaowakuza makinda siku zao za mwanzo, kabla hawajaweza kula punje. Jike mwenye kinda wa siku chache ana kitu kinachomvuta nyumbani ambacho hakuna chakula wala dawa inayoweza kukitia ndani yake.

Kuipata hali hiyo siku ya mbio si bahati. Kaka huhesabu kurudi nyuma: siku ambazo njiwa atakaa kwenye tenga akisafirishwa, umri wa kinda, siku za kuatamia, siku kati ya kuoanishwa na kutaga. Jumla yake hukaribia wiki tano, au zaidi kidogo mbio zikiwa za mbali sana. Kisha huja tatizo la kila jike kuwa na tabia yake. Yuko anayerudi vizuri zaidi akiwa juu ya mayai yanayokaribia kuanguliwa kuliko akiwa na kinda. Yuko asiyefaa kabisa akiwa na kinda, kwa sababu hunyonyesha hadi akajidhoofisha. Hayo nayo yamo daftarini, na kaka hamwoanishi njiwa wa mbio bila kwanza kusoma ukurasa wake pamoja na wa mama yake.

Chakula nitakipitia haraka. Safari ndefu huendeshwa kwa mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, kwa hiyo siku za mwisho kabla ya kupakiwa tunaongeza punje zenye mafuta na kupunguza zile za kujaza tumbo. Wakati wa kubadilisha manyoya tunarudisha jamii ya kunde kwa wingi, maana manyoya hujengwa kwa protini. Manyoya makuu kumi ya kila bawa hudondoka moja baada ya jingine, na njiwa aliyenyimwa chakula au aliyeugua katika kipindi hicho hubeba alama ya udhaifu huo bawani msimu mzima unaofuata. Chanjo dhidi ya ule ugonjwa wa njiwa wenye undugu na kideri haikosekani. Bwana mifugo hukagua kinyesi na koo kabla ya msimu, si baada ya njiwa kuanza kupotea.

Kuna kazi nyingine ambayo watu huidharau, nayo ni ya kumpokea njiwa. Matokeo ya mbio hayaamuliwi na anayefika kwanza bali na kasi, yaani umbali wa kila banda kugawanywa kwa dakika alizoruka njiwa wake. Tuseme njiwa waliachiwa saa 12 asubuhi. Banda la kwanza liko kilomita 700 na njiwa wake ameingia saa 10 kamili jioni: ni dakika 600, kasi ya mita 1,166.7 kwa dakika. Banda la pili liko kilomita 720 na njiwa wake ameingia saa 10 na robo: ni dakika 615, kasi ya mita 1,170.7. Aliyefika nyuma kwa robo saa ndiye mshindi, kwa tofauti ya mita nne tu kwa kila dakika. Sasa fikirini njiwa aliyeruka siku nzima anatua juu ya paa, anajinyoosha manyoya, na anakataa kuingia. Zamani ilibidi avuliwe pete ya mpira na pete hiyo itumbukizwe kwenye saa maalumu ya kuandika muda wa kufika. Siku hizi kifaa cha mlangoni husoma pete ya kielektroniki mguuni mwake, lakini ni mpaka aingie. Dada yangu mdogo ndiye aliyewafundisha njiwa wetu filimbi. Tangu wakiwa makinda hawapewi chakula bila kuisikia, na hawaitiwi kwa filimbi ile na mtu mwingine yeyote. Siku ya mbio hukaa kimya bandani, bila watoto wa jirani wala wageni kusogea uani, na njiwa akitokea hupiga mara moja. Baadhi ya ushindi wetu umepatikana katika zile sekunde.

Ndugu zangu, siwezi kuzungumzia mafanikio bila kuzungumzia wanaopotea, kwa sababu njiwa hajichagulii kwenda. Wanasayansi wamechunguza kwa muda mrefu jinsi anavyoipata njia. Tunajua hutumia jua kama dira. William Keeton nchini Marekani alionyesha mwaka 1971 kwamba njiwa waliofungwa sumaku mgongoni walirudi siku za jua, lakini siku za mawingu mazito mara nyingi walipoteza mwelekeo, jambo linaloashiria kuwa wana dira ya pili inayotegemea sumaku ya dunia. Watafiti wa Italia, wakiongozwa na Floriano Papi, walionyesha kwamba harufu nayo ina sehemu kubwa. Karibu na nyumbani hufuata alama wanazozifahamu, hata barabara. Mfugaji anapaswa kuyajua haya ili afahamu anachomwondolea njiwa anapomwachia chini ya mawingu yaliyofunga njia nzima.

Mwezi Juni 1997 njiwa wapatao 60,000 waliachiwa karibu na Nantes, Ufaransa, katika mbio za kuadhimisha miaka mia ya chama cha kifalme cha mbio za njiwa cha Uingereza, na idadi kubwa mno haikurudi. Mwanajiolojia mmoja wa Marekani, Jon Hagstrum, alipendekeza baadaye kwamba mshindo wa ndege ya Concorde iliyopita juu ya njia yao uliwavuruga. Iwe hivyo au vinginevyo, nyuma ya kila pete isiyorudi kulikuwa na ukurasa wa mtu, wazazi waliochaguliwa, kiota kilichobaki na mayai yanayopoa. Ndiyo maana familia yetu ina sharti ambalo limetugharimu nafasi na wakati mwingine marafiki: utabiri wa hali ya hewa wa njia nzima usiporidhisha, tenga letu halipakiwi, hata kama ada imeshalipwa. Nami naomba kwa dhati vyama vyetu viwape waachiaji mamlaka kamili ya kuahirisha, bila kuwasukuma kwa simu za wafugaji wenye haraka. Siku mbili za kusubiri kwenye tenga, maji na chakula vikiwapo, ni bora kuliko kuachiwa katika mvua.

Kuhusu fedha, nitasema machache. Mnamo Machi 2019 dume Armando, bingwa wa masafa marefu wa Ubelgiji, aliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 1.2, na Novemba 2020 jike New Kim, aliyetoka katika banda la baba na mwana, Gaston na Kurt Van de Wouwer, akavuka na kufikia euro milioni 1.6. Habari hizo zimewaleta vijana wengi kwetu, na ninafurahi kuwaona. Ila wengi huja wakiuliza ni njiwa gani wamnunue. Njiwa aliyenunuliwa bila kumbukumbu za wazazi, ndugu na watoto wake ni njiwa mmoja tu, hata awe wa bei gani. Mwenye kumuuza amebaki na ukoo, mnunuzi amepata ncha yake. Kijana mwenye jozi nne za kawaida na daftari analolijaza kila siku yuko karibu zaidi na kilomita 900 kuliko tajiri mwenye jozi arobaini asiyejua nani alimzaa nani.

Kwa sababu hiyo, na kwa idhini ya baba ambaye yuko nanyi hapa safu ya mbele, nina tangazo la mwisho. Kuanzia msimu ujao wa kuzalisha, mayai ya mzunguko wa pili kutoka kwa jozi zetu za masafa marefu hatutayauza. Tutayagawa kwa wafugaji wachanga watakaojiandikisha kwa katibu wa chama leo kabla ya kuondoka, wawe na jozi zao za kuyaatamia. Masharti ni mawili. La kwanza, makinda watakaotokana nayo wasipelekwe zaidi ya kilomita 600 kabla ya mwaka wao wa tatu. La pili, kila mwisho wa msimu mtuletee nakala ya kurasa zao, za waliorudi na za waliopotea, pamoja na ile safu ya kesho yake. Mama ameshachora mistari ya madaftari mapya, na yako pale mezani mlangoni.